Anza na Dari, Mlango Uache Mwisho: Jinsi ya Kuisoma Nyumba ya Mawe ya Lamu

Wageni wanaotembea Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini Lamu, hupiga picha milango. Husimama mbele ya mlango wa kuchongwa, wakauliza kama ulitoka Uhindi au Uarabuni, wakaandika jibu lolote watakalopewa, wakenda zao. Watoto wetu wa shule nao, wakiambiwa waandike habari za majengo ya mji, huanza na mlango na kuishia mlangoni. Mimi ni fundi wa chokaa. Riziki yangu inatoka kwenye kuta za nyumba za kale, na kila mwanafunzi anayekuja kuniuliza humwambia hivi: mlango utazame mwisho. Mlango hung'olewa, huuzwa, huhamishiwa nyumba nyingine, hupakiwa jahazini ukavuka bahari. Dari haihamishiki. Anayetaka kujua nyumba zetu zina asili gani, na nani amezitia nini, aanze kwa kuinua macho.

Haya ni maelezo ya kuisoma nyumba moja kwa asubuhi moja, kisha kuthibitisha ulichosoma kwenye magofu ya Manda, Pate na Malindi. Zana ni daftari, tochi, simu yenye dira, na mkono wako. Dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimeta 45. Pima yako kwa futi kabla hujatoka nyumbani.

Kuingia

Kama huna jamaa mwenye nyumba ya mawe, anzia ile nyumba ya karne ya 18 ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya wameifanya makumbusho ya nyumba ya Kiswahili. Huko utatazama kwa nafasi bila kumsumbua mtu.

Ukienda nyumba inayokaliwa, simama kwenye daka. Daka ndiyo ile sehemu ya mbele yenye viti vya mawe pande mbili, na ilijengwa kwa ajili ya mtu kama wewe: aliyefika lakini bado hajakaribishwa. Toa salamu, piga hodi, ngoja. Akitoka mzee wa nyumba, mwambie shida yako bila kuzunguka: "Sabalkheri, mzee. Nasomea nyumba za mui wetu. Naomba kutazama dari na kuta, nikiruhusiwa." Ukiambiwa wenyewe hawapo, shukuru urudi siku nyingine. Mwanamume akikuta nyumba ina wanawake peke yao, amtume dada yake au mkewe, kwani msichana mwenye daftari ataona ndani mambo ambayo mwanamume hataonyeshwa maisha yake yote. Viatu vivuliwe. Picha zisipigwe mpaka mwenyewe aseme.

Dari

Ukifika chumbani, usiangalie kuta kwanza. Inua kichwa. Utaona miti imepangwa sambamba, karibu karibu, ikivuka upana wa chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo ni boriti za mkoko. Juu yake hulazwa vipande bapa vya mawe, kisha kokoto na chokaa, ikapondwa mpaka ikashikana kuwa sakafu ya ghorofa ya juu au sakafu ya paa.

Sasa pima upana wa chumba kwa dhiraa. Utapata sita hivi, yaani mita mbili na nusu na kitu, mara chache zaidi. Nenda chumba cha pili, upime tena. Nenda nyumba ya jirani. Urefu wa vyumba hutofautiana sana, kuna misana, yaani vyumba vya kupitia kwenda ndani, mirefu utadhani ni ujia, lakini upana unarudi pale pale. Sababu ni mti. Boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye unene wa kubeba dari ya mawe haiwezi kuruka mbali zaidi ya hapo bila kupinda. Fundi wa zamani hakuwa na nguzo katikati ya chumba wala chuma, kwa hiyo mkoko ndio uliompimia nyumba.

Wakata mikoko wetu wana daraja zake, na ni vizuri uzijue kwa sababu utazikuta zote katika nyumba: fito ndizo nyembamba, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Fito na pau zinashika udongo na makuti, boriti zinabeba mawe. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu, ikizunguka visiwa hivi na vijito vyake. Msitu uko mlangoni mwa fundi, na miamba iko chini ya miguu yake. Nyumba ya Lamu ni mkoko na mwamba kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita. Boriti hizo hizo zilikuwa bidhaa. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakakaa, yakapakia boriti Lamu, na kusi ilipovuma yakarudi nazo Oman na miji ya Ghuba mpaka Kuwait na Basra. Kule jangwani hakuna miti ya kujengea, kwa hiyo nyumba za kale za Ghuba zilitiwa dari ya mkoko wa pwani yetu, na vyumba vyao navyo vikawa vyembamba kwa kufuata mti ule ule. Biashara hiyo ilidumu karne na karne, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Basi mtu akikwambia nyumba ya Lamu imeiga chumba cha Kiarabu, mpeleke chini ya dari umwonyeshe. Kipimo cha chumba kilipanda jahazi kutoka kwetu kwenda kwao.

Andika pia kama boriti zimechongwa mraba au zimeachwa duara na maganda yake. Zilizochongwa mraba na kupakwa rangi, nyeusi au nyekundu, ni za wenye uwezo. Zikiwa mraba katika chumba kimoja na duara katika vingine, umejua chumba gani kilikuwa cha heshima. Na ukiona chuma au mbao za kupasuliwa kwa mashine, hapo pametengenezwa upya.

Ukuta

Ingiza mkono kwenye tundu la dirisha au la mlango uone unene. Ni dhiraa moja, au zaidi kidogo. Ukuta huo ni wa vipande vya mwamba, yale mawe makavu ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, ambayo Maweni huko Manda wanayavunja mpaka leo, yamefungwa kwa chokaa na mchanga. Lakini kuna jiwe la pili, na hili lilikuwa la kazi nzuri: tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai. Likiwa mbichi ni laini, linakatika kwa shoka na kuchongeka vizuri, likikauka linakuwa gumu. Fremu za milango ya mawe, kingo za mihirabu na mapambo ya makaburi ya kale yalichongwa humo. Tia tochi ubavuni mwa jiwe, karibu nalo sana: ukiona vitundu vidogo vidogo vilivyopangika sawasawa, hilo ni tumbawe la baharini.

Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Magogo hupangwa duara, mawe yakawekwa juu, moto ukawashwa mpaka yakageuka weupe, kisha hutiwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Fundi mwenye haraka hawezi kazi hii.

Sasa kwaruza ukuta kidogo kwa ukucha, mahali pasipoonekana, kwa ruhusa ya mwenyewe. Chokaa itakuachia unga mweupe kidoleni. Saruji haitakuachia kitu. Nalisisitiza hili kwa sababu nyumba zetu zinakufa kwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu na chumvi yake, na chumvi ikikauka ndani ya jiwe inalivunjavunja. Kwa nje ukuta unaonekana imara, ukigonga kwa kifundo cha kidole unalia kama ngoma. Nimebomoa plasta ya namna hiyo nikakuta nyuma yake jiwe limekuwa mchanga. Kwa hiyo kila mahali ulipokuta saruji, andika: iko wapi, imepanda mpaka urefu gani, na alama ya unyevu imefika wapi juu yake. Hiyo nayo ni historia ya jengo, ya miaka hii yetu.

Kutembea kwenda ndani

Rudi mlangoni uanze kutembea polepole. Kutoka daka unaingia tekani, kijiukumbi cha kuingilia, na tekani inakukunja: huoni ua mpaka umegeuka. Jicho la mpita njia linazuiwa na ukuta tu, hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, penye mwanga na hewa. Kutoka kiwanda unakutana na msana wa tini, yaani wa chini, nyuma yake msana wa yuu, yaani wa juu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Angalia miguu yako: kila ukipita hatua moja ya kuingia, sakafu inapanda kidogo. Angalia mwanga nao: unapungua. Ndani penyewe ni giza hata saa sita mchana.

Chumba cha wageni wanaume, sabule, kimewekwa karibu na mlango ili mgeni asikate nyumba. Mgeni wa zamani alikuwa mfanyabiashara wa kaskazini aliyengoja upepo ugeuke, na kungoja huko kulikuwa kwa miezi. Mji uliokaribisha watu wa mbali kwa muda mrefu namna hiyo, na ukataka heshima ya nyumba ikae pale pale, ulijenga hivi. Uislamu umo katika mpango huu, biashara ya bahari imo, na imo pia desturi yetu ya mwanamke kuolewa akakaa kwao. Baba alimjengea binti yake nyumba karibu, na pasipokuwa na kiwanja aliruka njia: akajenga chumba juu ya ujia, kikashika nyumba hii na ile. Hiyo ndiyo wikio. Ukipita chini ya wikio uliza nyumba mbili zile zilikuwa za nani. Mara nyingi utapewa habari za mama na binti, au dada wawili.

Fungua dira ya simu ukiwa msanani. Kibla cha Lamu ni kaskazini, ikielemea magharibi kidogo sana, na nyumba nyingi za kale zimelazwa kwa kufuata mwelekeo huo. Andika nyuzi ulizosoma. Nyumba iliyokaa upande, aghalabu ni ya baadaye au imebanwa na kiwanja.

Chooni, angalia birika ya maji. Wazee walitia samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu. Zipo nyumba ambazo bado wamo.

Zidaka

Ukutani mwa ndani, na pengine msanani, utaona zidaka: safu juu ya safu za matundu ya plasta yenye matao madogo na nakshi. Kazi nzuri kabisa ya namna hii ni ya karne ya 18, wakati Lamu ilipokuwa na mali na jirani zake Pate na Siyu nao wana mafundi. Kaa chini mkabala nazo, usisimame. Zilipimwa kwa jicho la mtu aliyekaa. Utaona za kandoni zimepunguzwa, na ukuta unaonekana kama unarudi nyuma.

Vyombo vya kichina vilikaa humo, sahani na bakuli, na vitabu. Washairi wa Pate walipolilia majumba yaliyoanguka walivitaja zidaka na vyombo vyake, wakasema ndege sasa wanalala humo. Lakini usizisome kama kabati la fahari tu. Ndani ndipo mwanamke alipojifungua, bibi harusi alipowekwa, maiti alipooshwa. Chumba kilichobeba mambo hayo kilipambwa kwa sababu hiyo pia, na wazee wetu hawakupenda ukuta ulio mtupu mahali pa hatari kama hapo.

Bakuli lilitoka China, sahani nyingine Uajemi, tao la nakshi lina ndugu zake katika nchi nyingi za Kiislamu. Mkono ulioyakusanya na kuyapangia ukuta ulikuwa wa hapa, kwa chokaa ya hapa.

Siku hizi zinajengwa nyumba mpya zenye zidaka ukumbini, jikoni, mpaka bafuni, za saruji, zote ukubwa mmoja. Mwenye nyumba ana haki ya kupamba apendavyo. Wewe uandike tu kwamba ni mpya, na utaijua kwa kuwa tundu halina kina cha ukuta na kingo zake zimenyooka kwa rula.

Sasa mlango

Umefika. Soma kwanza kama mlango ni wa nyumba hii. Pitisha kidole kati ya fremu na ukuta: pakijazwa saruji, ulitiwa baadaye. Angalia kizingiti cha chini kilivyolika na jiwe lililo mbele yake. Vilivyozeeka pamoja vinafanana.

Kisha mbao. Mbambakofi ni wa pwani yetu, msaji uliletwa kutoka ng'ambo. Kisha mchongo: kizingiti cha juu kilichonyooka chenye nakshi tulivu na mfaa mmoja, ule ubao wa wima, katikati ni mtindo wa kale wa hapa. Michongo ya kukwanguliwa kidogo kidogo kwa maumbo ya pembe na duara, iliyotiwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, mpelekee fundi wa Siyu. Mlango mzito wenye maua yaliyojaa ni wa karne ya 19, zama za Zanzibar na Oman, na vibao vya mraba mraba au tao juu ya kizingiti hutuonyesha mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi.

Mtakuta maelezo yaliyoandikwa kwamba mnyororo maana yake hivi na samaki maana yake vile. Msiyanakili. Nendeni kwa wachongaji, wako wanaofanya kazi mpaka leo na karakana zao ziko wazi barabarani. Waulizeni walifundishwa nini na nani.

Ukitoka, shuka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mpaka ngome. Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, mnamo 1813, ikamalizika 1821 kwa msaada wa Sayyid Said wa Oman, na baadaye ikawa gereza. Wakati ule bahari ilifika karibu nayo. Majengo yote unayoyaona kati ya ngome na pwani yamesimama juu ya ardhi iliyojazwa baadaye, na tofauti utaiona mara moja: yana baraza za nguzo na matao, maduka chini, madirisha makubwa yanayotazama bahari. Nyumba za Mkomani zinaipa njia mgongo, hizi zinaikaribisha. Wahindi wenye maduka walikuja na mtindo huo katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Pitia Langoni pia, mtaa wa pili wa mji, kwenye nyumba za udongo na makuti. Wanafunzi huziruka, nami huwarudisha. Sababu yake iko Pate.

Kuthibitisha nje ya mji

Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe katika miaka ya 1980. Akakuta chini yake msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka vile vidogo vya miti vya karne ya 8. Nyumba nazo zilikuwa hivyo hivyo: udongo na miti kwanza, mawe baadaye, mji ule ule. Kwa muda mrefu vitabu vya wakoloni viliandika kwamba wageni walishuka na nyumba zao tayari. Udongo wa Shanga umeonyesha kwamba watu waliokuwa wakijenga kwa fito waligeukia mawe taratibu, wakiwa wameshasilimu na wanafanya biashara. Nyumba ya Langoni ndiyo ndugu mkubwa wa nyumba ya Mkomani.

Takwa, magofu ya kisiwani Manda, ni karibu, lakini nenda maji yakijaa, mashua ipite kwenye kijito cha mikoko. Tazama msikiti wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, na nje ya mji kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Watu wa Shela bado huenda kuomba mvua pale. Pima vyumba vya magofu kwa dhiraa yako, ulinganishe na daftari.

Malindi, nenda kwenye makaburi ya nguzo kando ya msikiti wa Juma. Kaburi la namna hii ni la pwani ya Waswahili. Ukilitafuta Uarabuni hutalipata likiwa hivi. Kisha tembea hadi nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498: msalaba ulio juu ni wa jiwe la Ureno, lakini mnara ulioushika ni wa matumbawe. Na kikanisa cha Wareno kilicho karibu kimeezekwa makuti. Hata aliyekuja na dini nyingine na mizinga alijenga kwa vitu vya fundi wa Malindi.

Malizia Gedi, magofu ya mji karibu na Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba 1948 na ambako UNESCO waliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2024, kama walivyofanya kwa Lamu 2001. Kuna kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ingia kwenye nyumba zilizo karibu na jumba la mfalme, simama katikati ya chumba, dari hakuna tena. Pima upana. Halafu tazama juu ya kuta, mahali boriti zilipolala. Pengine matundu yake bado yapo.

Ukirudi, chora ramani ya ile nyumba ya kwanza: vyumba, upana, urefu, unene wa kuta, nyuzi za dira, boriti mraba au duara, chokaa au saruji, na majina ya vyumba kama mwenye nyumba alivyoyatamka. Toa nakala mbili. Moja mpelekee mwenye nyumba, umwombe aiweke pamoja na hati zake, kwa sababu siku dari itakapolegea, fundi atakayeitwa atataka kujua palikuwaje kabla hajagusa kitu.